Bieli Nilizosema Ni Nzima

Jamani, mkasa huu nimeusimulia mara nyingi, kwenye pombe na kwenye matanga, na kila mara ninaukatia pale wanawake wa bandari ya Kalundu walipopiga vigelegele, kwa sababu hapo watu hucheka mpaka wakashika mbavu, na mtu akishachekwa vizuri haombwi kuendelea. Leo nitaendelea. Aibu ninayo, sikatai, lakini aibu hii imezeeka pamoja nami, na wazee wawili wanaoishi nyumba moja hawana cha kufichana.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, wakati uasi ulikuwa bado ni habari ya upande wa Fizi na ya milimani, habari inayoteremka na watu wa Mulenge walioleta maziwa sokoni, leo inasema vile, kesho inasema hivi, na kila ikiteremka nyumba mbili tatu za Uvira zinafungwa milango. Mimi nilikuwa fundi katika garaji ya Mgiriki mmoja aliyeondoka kwa likizo ya wiki mbili (wiki zile mbili hazijaisha mpaka leo) akaniachia ufunguo na sanduku la spana. Tulikuwa mafundi wanne. Mmoja akavuka kwenda Usumbura (Bujumbura ya leo), wa pili akafuata shemeji yake Bukavu, wa tatu hakuaga, alilitundika koti lake la kazi kwenye msumari akaenda, na lile koti likabaki na umbo la mabega yake, nikawa namsalimia kila asubuhi. Nililala mle mle garajini, juu ya viti vya lori vilivyong'olewa. Mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake chini ya bati kubwa hajui jinsi bati linavyosema jua linapoanza kuinama, tik, tik, tik, linapoa, kama mtu anayehesabu walioondoka.

Aliyekuwa akinitembelea ni mmoja tu, Feza, binti wa Mzee Kashindi, mshonaji wa nguo. Alikuja kutia mafuta kwenye kanyagio la cherehani ya baba yake, na kanyagio lile, nawaambia, lilikunywa mafuta mwaka ule kuliko lori. Alikaa juu ya kasha, akaniuliza hiki kinaitwaje na kile kinafanya nini, na mimi nikaeleza, na nilipomaliza kueleza nikaanza upya kwa maneno mengine ili asiondoke.

Basi nikapeleka posa. Sikuwa na mjomba wala baba mdogo wa kunisemea, wazee wangu wa Makobola walikuwa wamekwisha kufa, kwa hiyo nikaenda mwenyewe (mwenyewe, ndiyo, na kaptula yenye mafuta, msicheke bado, cheko liko mbele). Mzee Kashindi akanitazama, akatazama mlangoni kuona nani anafuata, hakuna aliyefuata.

"Wazee wako iko wapi?"

"Ni minye tu, mzee."

"Ni weye tu." Akaendelea kutia uzi katika sindano. "Basi rudi, mwanangu, uende kuongezeka kwanza."

Kufika jioni mji mzima ulikuwa na habari hiyo. Nikipita sokoni naulizwa, "Asukulu, umeongezeka?" Nikienda ziwani kuoga, mtu yuko ndani ya maji na povu kichwani, haoni hata mkono wake, lakini mimi ananiona: "Eh, Asukulu, mmefika wangapi sasa?" Nikajifunza kutabasamu. Ninachotaka mkumbuke ni hiki: kuchekwa na watu wengi ni upweke pia, tena ni upweke wenye kelele.

Kisha habari za Fizi zikazidi, na Mzee Kashindi akaamua kuhama na watu wake, wavuke ziwa mpaka Rumonge kwa wakwe zake. Kwa barabara hakutaka, kwa sababu kwenye kizuizi cha Kavimvira askari walikuwa wanachagua ndani ya mizigo ya watu kile kinachowapendeza, na yeye alikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kupendeza, ile cherehani. Kwa hiyo boti. Na boti ilikuwa moja tu iliyobaki, ya Bwana Sumaili, muuza ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo, na boti hiyo ilikuwa na injini ya lori aliyoifunga humo yeye mwenyewe, na injini ilikuwa imekauka mafuta safarini, ikaungua, ikafa. Wakaibeba watu wanane mpaka garajini kwangu.

Nikaifungua. Ndani yake mlikuwa na bieli nne, yaani ile mikono ya chuma inayoshika pistoni juu na shafti chini, na kugeuza kupanda na kushuka kuwe kuzunguka. Bieli ikikubali, unasafiri. Bieli ikikataa, hakuna kingine ndani ya injini kinachoweza kuisemea. Mgiriki alinifundisha kuzipima: unaichovya katika mafuta ya taa, unaifuta mpaka inakuwa kavu kabisa, unaipaka unga wa chaki, unakaa unangoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka yenyewe na kuchora mstari juu ya ule weupe. Nikafanya hivyo. Ya kwanza ikabaki nyeupe. Ya pili ikabaki nyeupe. Ya tatu ikatoa mstari chini ya shingo, mwembamba kama unywele wa mtoto. Ya nne ikatoa miwili.

Nikakaa nikazitazama. Haikuwa kazi ngumu kuamua, msidanganywe na fundi atakayewaambia ni kazi ngumu. Bieli yenye ufa hairudi ndani ya injini. Na dawa nilikuwa naijua: Luvungi kulikuwa na lori la aina ileile limelala chini ya miti, halina magurudumu, halina mwenyewe, lakini tumboni lilikuwa zima. Kwa baiskeli, kwenda, kulifungua, kurudi: siku tatu. Nilitengeneza hata maneno ya kusema. "Bieli mbili zimepasuka. Munipe siku tatu." Nikayarudiarudia kwa lile koti la ukutani.

Kesho yake asubuhi wakaja, Sumaili mbele, Mzee Kashindi nyuma yake, na nyuma yao watu kama kumi wa safari, na Mama Vumilia muuza samaki ambaye hakuwa na safari yoyote, alikuja kusikia tu. Feza hakuwepo. Nikafungua kinywa.

Sumaili akainua kidole. "Ngoja. Minye niseme mbele yako. Usitufanyie hadithi hapa kwamba moteri imekataa, kwamba tungoje siku mbili, siku tatu. Siye wote tunajua ni nani hataki ile boti itoke."

Wakacheka. Mama Vumilia akacheka mpaka akaegemea mlango. "Mutu haongezeki kwa siku tatu, Asukulu! Hata sungura anashindwa!"

Mzee Kashindi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya meza anaangalia zile bieli kwa jicho la kuangalia kitambaa kama kimeliwa na mende.

"Hivi vyenye umepaka chaki ni nini?"

"Ni bieli, mzee."

"Ziko nzima?"

Pale, rafiki zangu. Ni pale. Mistari ilikuwa inaonekana, mtu angeinama kidogo tu angeiona, na mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, matatu manne, lakini nikaona yakitoka tu yatasikika kama yaleyale Sumaili aliyokwisha kuyasema, yatasikika kama mtu anayezuia mwanamke kwa spana, na Mama Vumilia alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko na nafasi ya kingine anayo. Nikachukua kitambaa. Nikafuta chaki, moja, mbili, tatu, nne.

"Ziko nzima, mzee."

"Zote?"

"Zote."

Akaitikia kwa kichwa, akaniambia "Aksanti, mwanangu," na alikuwa hajaniita hivyo tangu ile siku ya sindano.

Walipoondoka nikachukua tupa, nikakwaruza pale penye ufa mpaka pakang'aa, kisha msasa laini, mpaka chuma kikawa kizuri kuliko siku kilipozaliwa. Nikajiambia malori mangapi yanapanda milima na bieli mbaya kuliko hizi. Nikajiambia ziwa ni tambarare, halina mlima. (Angalieni fundi mzima anavyojidanganya: ziwa halina mlima!) Nikafunga injini, ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma vizuri, na mimi nikaichukia kwa kunguruma vizuri.

Sasa, kwetu kuna desturi moja, sijui nani aliianzisha lakini bila shaka alikuwa amewahi kuumizwa na fundi: aliyefungua injini ya boti anapanda safari yake ya kwanza. Hapandi kama abiria, anakaa karibu na injini yake, ili kama ni uzuri aone na kama ni ubaya aone naye. Siku ya kuondoka nilisimama ufukweni Kalundu nimejificha nyuma ya marobota, nikitumaini wamesahau.

"Fundi!" Sumaili akaita, na mlima ukarudisha. "Fundi anapanda!"

"Kumbe!" akasema Mama Vumilia, ambaye alikuwa amekuja tena bila safari. "Kumbe ndiyo sababu alitengeneza mbio mbio! Anafuata bibi, Feza wake!"

Mnaona? Ningesema zimepasuka, nazuia bibi. Nimesema nzima, nafuata bibi. Nikapanda.

Tulikuwa kama thelathini, na magodoro, na sufuria, na nyanya yake Feza asiyeweza kutembea aliyeketishwa juu ya gunia kama malkia, na mchungaji mmoja wa ng'ombe kutoka Mulenge na mwavuli wake na kibuyu chake cha maziwa, na cherehani imefunikwa shuka jeupe katikati ya watu wote. Mama yake Feza alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili, kwa sababu mtu harudi kwao kama mkimbizi hata akiwa mkimbizi. Wanawake wakaanza wimbo wa kanisani. Feza alikaa mbele kabisa akitazama ng'ambo. Aligeuka mara moja, akanitazama mimi, akatazama injini, akanitabasamia ile tabasamu ya kusema: umeiweza.

Milima ya nyuma yetu ikawa bluu. Na katikati ya ubeti wa tatu nikasikia: ko.

Hakuna mwingine aliyesikia. Ko. Tena. Ko, ko. Nikamwambia Sumaili, kwa sauti ndogo, "Tupunguze kidogo."

"Tupunguze nini? Tumetoka sasa hivi!"

Watu wawili wakageuka. Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza mara ya pili, na mara ya pili haina hata udhuru, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na meza na chaki na nchi kavu chini ya miguu, na sasa chini yetu kulikuwa na maji ambayo hakuna kamba ya mvuvi iliyowahi kuyafikia mwisho. Nikaweka kiganja juu ya injini, kama mtu anavyomwekea mkono mtoto mwenye homa, nikawa naiomba. Dakika chache tu, kisha bieli ya nne ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, ikatoka nje ikapita kati ya magoti yangu na kugonga ubao, na nyuma yake mafuta meusi, ya moto, yakaruka juu kama yamengojea miaka kuiona nuru, yakanipata mimi, yakapata kitenge cha Jumapili, yakapata shuka jeupe, yakapata uso wa nyanya juu ya gunia lake.

Wimbo ukakatika. Hakuna ukimya kama wa boti iliyozimika katikati ya Tanganyika. Unasikia maji yanalamba mbao. Unasikia watu thelathini wanafikiri jambo moja.

Aliyesema wa kwanza ni mama yake Feza, polepole, akiangalia kitenge chake. "Alisema ziko nzima."

Basi wakafunguka wote. Kwamba nilikata chuma makusudi. Kwamba walijua. Kwamba mwenye kupenda ni mchawi. Kijana mmoja akasema nitupwe majini, wengine wakasema nitupwe, na yule mchungaji wa Mulenge akafungua mwavuli wake, akakohoa, akasema, "Mukimutupa, ni nani atavuta kasia mahali pake? Mungoje tufike." Nadhani ni yeye aliyeniokoa, ingawa sikupenda lile "mungoje."

Makasia yalikuwa mawili. Tukavuta na mifuniko ya sufuria, tukavuta na ubao wa meza, mimi nikavuta na mikono. Hakuna aliyenisemesha tena. Watu walikaa wamebanana, goti kwa goti, lakini pande zangu zote mbili paliachwa nafasi ya mtu mmoja mmoja, na ndani ya boti ile iliyojaa mimi nilikuwa na chumba changu. Mzee Kashindi alikuwa anafuta cherehani kwa ncha ya shati lake, gurudumu, mkono, kanyagio. Hakuniangalia. Ningetaka anitukane.

Saa tisa upepo wa ziwani ukaamka, ukatushika, na bila kutuuliza ukaanza kuturudisha. Kalundu ikakua. Tukaona watu, kwanza kama wadudu, kisha kama watu, kisha kama mji mzima umesimama ufukweni umekingia jua kwa viganja. Na sauti ya kwanza kutoka nchi kavu, niliijua kabla haijafika:

"Amemurudisha! Asukulu amemurudisha bibi!"

Na vigelegele. Mama Vumilia akaanzisha, wanawake wakapokea, vigelegele vya kupokea bibi harusi, na sisi tunakuja weusi kwa mafuta, nyanya uso wote mweusi kama chungu, Feza mbele amesimama wima anatazama mahali pasipo na mtu. Wakaimba. Mtu akapiga debe. Nikashuka majini mpaka kifuani ili nisishuke mbele yao, nikateleza, nikazama, nikatoka na majani kichwani, wakaimba zaidi.

Hapo ndipo huwa ninamalizia, na mnacheka, na mtu ananinunulia chupa.

Lakini asubuhi iliyofuata Mzee Kashindi na watu wake waliondoka kwa miguu. Hawakuweza kungoja tena, habari za Fizi zilikuwa zimefika Makobola, karibu kabisa na sisi. Nyanya akabebwa na watu wawili kwa kiti, na cherehani akaibeba Mzee Kashindi mwenyewe kichwani. Nikawafuata mbali kidogo. Nilipofika karibu nikasema, "Mzee, nikusaidie kubeba," akajibu bila kugeuka, "Hapana, aksanti," kwa heshima, kama anavyojibiwa mtu asiyejulikana.

Kwenye kizuizi cha Kavimvira askari mmoja akainua shuka lile lenye madoa, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, likazunguka vizuri, halikulia (mafuta yangu), na akasema hii itabaki. Mzee Kashindi hakubishana. Alisimama kidogo mikono ikining'inia, hajui aifanye nini, kisha akapita upande wa pili, na watu wake wakapita.

Feza akabaki nyuma, akarudi hatua chache mpaka nilipokuwa. Bado alikuwa na doa la mafuta nyuma ya sikio, pale ambapo mtu hajioni.

"Niambie kweli. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Kabla baba yako hajaniuliza."

Akatikisa kichwa polepole. Na hapa, jamani, uso wake ukalainika, kidogo, kama mtu aliyekuwa amejiandaa kwa hili. "Kwa hiyo ulitaka nibaki. Watu wote wanasema vile. Minye nimefikiri, nimeona ni ubaya, lakini ni ubaya wenye mutu anaweza kusamehe. Labda si leo."

Ningeweza kusema ndiyo. Mji mzima ulikuwa umekwisha kunisemea ndiyo, kwa vigelegele na kwa debe. Lilikuwa neno moja tu, na ng'ambo ya neno lile alikuwa amesimama yeye. Lakini nilikuwa nimechoka kusema kitu kwa sababu ya jinsi kitakavyosikika.

"Hapana, Feza. Kama ningetaka ubaki, ningesema zimepasuka, na mungebaki. Niliogopa kuchekwa."

Alinitazama sana. Nikaona anahesabu: mama, nyanya, yeye, maji yasiyo na mwisho, cherehani.

"Kuchekwa na Sumaili," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile mama muuza samaki."

"Ndiyo."

"Afadhali ungenidanganya," akasema, akainua mzigo wake, akapita kizuizi. Nilingoja ageuke pale njia inapoingia kwenye matete ya Ruzizi. Nilingoja hata baada ya matete kutulia.

Nimekuwa fundi miaka mingi tangu hapo, na nina ahadi moja niliyojiwekea na sijawahi kuivunja: mtu akiniletea injini akaniuliza kama kitu fulani ni kizima, ninawaomba kwanza wengine wote watoke nje, hata kama ni ndugu zake, hata kama mvua inanyesha. Wanaguna, wanasema huyu mzee ana mambo. Kisha ninafunga mlango, na ninamwambia. Wengi hukasirika wakabeba mashine zao kwenda kwa mafundi wenye kinywa kitamu. Ninawafungulia mlango, ninawasaidia kupakia, kisha ninarudi ndani kuosha mikono.